Mdundo wa Kuvuka Barabara

Mara ya kwanza mume wangu alipoganda, nilidhani ananitania. Alikuwa anatoka sebuleni kuingia jikoni, kikombe cha chai mkononi, akafika kwenye kizingiti akasimama. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nachambua mchele. Nikamwambia, "Pita basi, Afande, au unasubiri bendi?" Hakupita. Nilipogeuka nikaona chai inamwagikia vidole vyake na yeye hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Uso ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyesinzia, lakini macho yalikuwa yananililia.

"Mguu inakataa," akasema.

Nilimsahihisha. Nakumbuka vizuri, na hadi leo naona haya. Nikasema, "Mguu unakataa." Ndivyo nilivyozoea kumfanyia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Babu yangu alikuja Kampala kutoka pwani na mzigo wa nguo, akafa hajarudi kwao, na alichoturithisha ni Kiswahili chake na ukali wa kuwasahihisha wengine. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Watoto hunijia kila asubuhi ya wikendi ukumbini kwangu, na asiyetamka herufi sawasawa haendi nyumbani. Mume wangu ni Mnubi, mjukuu wa askari na mtoto wa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, ambacho hakijali lolote mradi amri ifike.

Na amri zake zilifika. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkufunzi wa gwaride la polisi. Walikuwa wanamletea vijana kutoka mashambani ambao hawajui kulia na kushoto, naye anawafunga jani mguu mmoja na kijiti mguu wa pili mpaka wajue. Tulipokaa Naguru, kambini, nilikuwa naisikia sauti yake kutoka ng'ambo ya uwanja nikiwa nimeinamia beseni la nguo: mguu sawa, na mamia ya visigino vinagonga kwa pamoja, mguu pande, na ule mshindo unalegea, watu wanapumua. Mtu aliyefundisha watu kutembea, leo anashindwa kuvuka mlango wa jikoni. Sikuona kichekesho ndani yake. Niliona ni kitu kilichokuja kumdhihaki, na nikaogopa.

Daktari aliupa ule ugonjwa jina la kizungu, nikaliandika nyuma ya kalenda ili nimweleze binti yetu. Alisema unaanza na kutetemeka, kisha ukakamavu, kisha hatua zinafupika, na hauponi ila unapunguzwa makali. Alitupa vidonge. Vidonge vilituliza mkono. Miguu vikaisaidia siku moja, vikaiacha siku mbili.

Kulikuwa na mambo mawili ya kuogofya, na hayakufanana. Moja lilikuwa kuganda, hasa milangoni na mahali pembamba. La pili lilikuwa kinyume chake: hatua zinaanza kumkimbia. Anainama mbele, miguu inapiga vihatua vidogo vya haraka haraka kana kwamba inajaribu kukiwahi kichwa kisianguke, na yeye mwenyewe hana breki. Ndivyo alivyoangukia bafuni. Alishonwa kwenye paji la uso. Binti yetu, tuliye naye mmoja tu, ambaye ni mwuguzi na anajua mifupa ya wazee inavyovunjika, alikuja na magwanda yake ya kazini, akasimama katikati ya sebule.

"Taata akianguka tena, nanunua kiti cha magurudumu. Na msikitini haendi tena. Ataswali hapa."

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, maana ulimi nao ulikuwa umeanza kuwa mzito, "Siku mtanikalisha, sitasimama tena."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Mzee mmoja jirani yetu, mlango wa tatu kupanda kilima, alikalishwa kwenye kiti baada ya kuanguka. Alikuwa mtu wa kelele, mpenda siasa. Alipokaa akaacha kuongea, akaacha kula, na Ramadhani iliyofuata haikumkuta. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hofu mbili ndani ya kifua kimoja. Nilimwogopea akitembea na nilimwogopea akikaa. Msikiti uko ng'ambo ya barabara iendayo Ntinda, unaonekana kutoka mlangoni kwetu, na kila alasiri yeye huenda huko kwa miguu yake. Kila alasiri mimi nilisimama mlangoni nikihesabu hatua zake mpaka avuke, nikawa sisikii hata adhana yenyewe.

Mtaalamu wa viungo hospitalini ndiye aliyetuambia kuhusu kucheza. Alisema kuna darasa Ntinda, wagonjwa wa namna hii wanachezeshwa ngoma, na mwili ukisikia mdundo unapata njia nyingine ya kupita. Nilikasirika. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ana miaka sabini na mimi nafundisha Kurani. Unataka tukacheze disko?" Nilitoka mle chumbani nimemshika mume wangu mkono, na mlangoni akaganda. Tukasimama pale, watu wanatupita kwa ubavu, mpaka mtaalamu mwenyewe akaja nyuma yetu akaanza kugonga meza kwa kalamu, ko, ko, ko, ko. Mume wangu akainua mguu, akatoka. Kesho yake niliuliza darasa liko siku gani.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Nilipoziona ngazi nikasema basi, tumekwisha. Kumbe ngazi hazimpi shida. Kila kidato kinauita mguu wake nao unaitika, akazipanda mbele yangu huku mimi nahema nyuma. Mlango tambarare unamshinda, ngazi anazipanda kama kijana. Ugonjwa ule una vituko ambavyo ukimsimulia mtu atadhani unazua.

Mwalimu alikuwa binti mdogo, nywele kazifunga kitambaa, suruali ya jinzi, miguu mitupu. Baba yake alikuwa polisi, akakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili alikuwa nacho, kile kile cha mume wangu, kimechanganyika na Kiganda, l na r zikibadilishana nafasi. Alikuwa akicheza katika kikundi cha ngoma, na nyanya yake alipopatwa na ugonjwa huu akaanza kujifunza namna ya kutumia uchezaji kumtibu. Kulikuwa na wagonjwa sita na wale waliowaleta. Aliwasha muziki, akatuambia tuegemee kushoto, tuegemee kulia, tuache mikono ining'inie.

Mume wangu alipiga gwaride. Kidevu juu, mikono imenyooka, kisigino kinagonga sakafu. Wenye duka la rangi chini lazima walitazama dari.

"Afande," yule binti akasema, naye anacheka kwa kumbembeleza, "hapa hakuna parade, bambi. Regeza mwiri."

"Mwili yangu nafahamu hii tu," akajibu.

Badala ya kumkataza, yule binti alifikiri kidogo. Akamsogeza mpaka kwenye mlango wa ukumbi, akamwacha agande pale, kisha akasimama nyuma yake akapaza sauti ya kambini: "Mbere tembea! Kushoto, kulia, kushoto!" Mume wangu akapita mlangoni kama maji. Watu wote wakapiga makofi. Akageuka, akarudi, akapita tena. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu kikombe kile cha chai akiwa na uso wake wa zamani, na machozi yakanitoka mbele za watu, jambo nisilolipenda.

Ndipo yule binti, kwa furaha, akamaliza amri kama zinavyomalizwa. Akasema, "Simama!"

Akasimama. Mikono ubavuni, visigino pamoja. Na hakutoka tena. "Mbele tembea" ikasemwa mara ya pili, ya tatu, haikumgusa. Wimbo uliokuwa unapigwa ukaisha, ukaja mwingine, nao ukaisha. Jasho lilimtoka kwenye ndewe za masikio. Yule binti aliacha kucheka. Alimwendea kwa mbele, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akaanza kumyumbisha uzito kwenda huku, kwenda kule, kama mtu anayeng'oa nguzo taratibu, mpaka mguu mmoja ukawa mwepesi.

"Ile neno tunaizika leo," akaniambia baadaye, sauti ya chini. "Ndani ya mwiri yake iko na mizizi, miaka mingi. Mama, usimwambie simama. Hata hatua zikimkimbia, usimwambie. Mpe mdundo, taratibu, yeye atafuata. Unanisikia?"

Nikasema nimesikia.

"Na wewe, mama, mabega."

"Mabega yamefanya nini?"

"Yako kwa masikio."

Niliudhika. Nikamwambia mgonjwa ni yule pale, mimi mzima. Akanishika mkono, akaupapasa kama muuza nguo anavyopapasa kitambaa. "Huu mkono ndiyo yeye nashika. Iko ngumu kama mbao. Mwiri yake nasikia, nafikiri kuna hatari, naganda." Niliutoa mkono wangu kwake. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba usiku huo nilipojitazama kwenye kioo, mabega yalikuwa kweli yako masikioni, na nilipoyashusha yakapanda tena yenyewe.

Wiki za mbele alituuliza mmoja mmoja tulipigiwa ngoma gani utotoni. Ilipofika zamu ya mume wangu, alianza kupiga paja kwa kiganja: dum, daka-dum; dum, daka-dum. Ilikuwa doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi. Marehemu mama yake alikuwa mpigaji wake. Mdundo ule mimi naujua. Siku ya harusi yetu, jamaa zangu walisoma maulidi upande mmoja wa uwanja na jamaa zake wakapiga doluka upande wa pili, mkeka ukining'inia katikati, na mimi bibi harusi nilikaa nimejifunika nikisikiliza upande ambao sikuruhusiwa kwenda. Nilikuwa natamani. Sikumwambia mtu, na mume wangu hakuuliza. Kwa miaka yote ile hatujawahi kucheza pamoja hata mara moja.

Yule binti akasema huo ndio mdundo wetu, twende nao nyumbani. Basi tukaufanyia mazoezi ukumbini, baada ya watoto wa madrasa kuondoka, mapazia yamefungwa. Nilibandika utepe mwekundu sakafuni kwenye kila mlango ili mguu uwe na kitu cha kuruka. Yeye ananishika bega, mimi namshika kiuno, tunayumba kwanza bila kutembea, kushoto, kulia, kisha dum, mguu unatoka. Alinisahihisha. "Mwalimu, wewe nakimbia. Doluka hapana kimbia." Nikaona anavyoona utamu kunisahihisha, baada ya mimi kumsahihisha miaka yote ya ndoa. Siku nyingine tulifika jikoni tukapitiliza mpaka uani, tukarudi, tunacheka kama wezi.

Hofu haikuondoka. Ilikuwa imekaa kitako inatutazama.

Siku ya barabara ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, alasiri jua likatoka, lami inang'aa. Nilikuwa nimeanza kumsindikiza mpaka ng'ambo, nimebeba mwavuli na msala wake. Tulifika kwenye ule mteremko mdogo unaoshuka barabarani. Viatu vyangu vilikuwa vinateleza, nikamwachia mkono ili nijishike kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Nilimwachia kwa muda wa kupenga pua, si zaidi. Nilipoinua macho, hatua zilikuwa zimeanza kumkimbia.

Aliinama mbele. Vihatua vile, haraka, haraka zaidi, mteremko unamsukuma. Mbele yake barabara, na kutoka upande wa Ntinda lori la mchanga linakuja, nyuma yake bodaboda zinatafuta upenyo. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimefundishwa na nimelikariri. Lakini hofu haijui darasa. Nilifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa mdundo. Ilitoka sauti ambayo sijui niliihifadhi wapi kwa miaka yote ile ya kuinamia beseni, sauti ya uwanja wa gwaride yenyewe:

"Simama!"

Akasimama. Alikuwa ameshaingia barabarani hatua tatu au nne. Mikono ubavuni, visigino pamoja, kidevu juu, katikati ya njia ya lori.

Nilitupa mwavuli, nilitupa msala ambao sijawahi kuutupa chini maishani mwangu, nikaingia barabarani. Honi ya lori ililia mpaka nikaisikia kwenye meno. Lilifunga breki, likateleza, likasimama kwa upande, karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini usoni. Bodaboda zikapita huku na huku kama nyuki. Mmoja akapiga kelele, "Nnyabo! Toa mzee kwa balabala! Toa yeye!"

Nilimvuta mkono. Huwezi kumvuta mtu aliyeganda, ukimvuta unamwangusha. Nilimwona anaanza kuinama mzima mzima kama kabati, nikamwachia. Nikapaza sauti, "Mbele tembea! Kushoto, kulia!" lakini sauti ile ya kwanza ilikuwa imeniishia, iliyotoka ilikuwa nyembamba, inatetemeka, haraka haraka. Mdundo wa mtu anayekimbia. Hakuna mguu unaofuata mdundo wa namna hiyo. Alinitazama kwa macho yale yale ya kikombe cha chai, na nikajua kwamba anajua ni nani aliyemsimamisha.

Basi nikafanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikashusha mabega. Magari yananilia, dereva wa lori ametoa kichwa dirishani anatutukania wazazi, na mimi nimesimama katikati ya barabara nashusha mabega kama mtu anayejiandaa kulala. Yakapanda. Nikayashusha tena. Nikamshika kiuno, mbele ya ulimwengu wote, nikamyumbisha kushoto, nikamyumbisha kulia. Sikuwa na ngoma. Nikaipiga kwa kinywa, mimi ambaye nawakataza watoto wa kike kuimba njiani: dum, daka-dum. Kwanza kwa sauti ya chini. Haikutosha kuishinda honi. Nikapaza. Dum, daka-dum, polepole, kana kwamba tuna siku nzima, kushoto, kulia, na moyo wangu ndani unakwenda mbio zake tofauti kabisa.

Nikahisi uzito wake ukihama. Mguu mmoja ukawa mwepesi. Akatoka.

Tulivuka tukicheza doluka, kwa sababu hatungeweza kuvuka namna nyingine. Hatua fupi, viuno vinayumba, mzee wa kanzu na mwanamke wa baibui. Watu walikuwa wametoka madukani. Wengine walicheka, wengine wakapiga vigelegele, na yule wa bodaboda akaanza kutupigia honi kwa kufuata mdundo. Tulipofika ng'ambo miguu yangu ndiyo iliyokatika, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikatapika. Yeye alisimama juu yangu, mkono wake unaotetemeka uko kichwani kwangu.

Mtu fulani alituchukua video kwa simu. Kabla ya magharibi ile video ilikuwa imeshafika kwa binti yetu, na kwa wazazi wa nusu ya madrasa yangu. Ilianzia pale ninapomshika kiuno. Haikuwa na sauti yangu ya kwanza. Watu walioituma waliandika maneno ya kusifu mapenzi ya wazee. Mama mmoja tu ndiye aliyemwondoa mtoto wake akisema hawezi kumpeleka kwa mwalimu anayekata viuno barabarani, nikamwambia mtoto wake mwenyewe hajui bado kutofautisha sini na shini, amtafutie mwalimu asiye na kiuno. Lakini moyoni nilitamani watu wanitukane zaidi. Walikuwa wananisifu kwa kumtoa mahali nilipomweka mimi.

Binti yetu hakudanganyika na mapenzi ya wazee. Alifika kesho yake na kile kiti, kimekunjwa, kimefungwa nailoni.

"Nani alimwachia mpaka akaingia barabarani?" akauliza.

Nilifungua kinywa. Naapa nilitaka kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nililijua hilo, na bado ulimi ulikataa kama mguu wa mume wangu. Niliogopa kwamba nikisema, atamchukua baba yake akaishi naye, na angekuwa na haki.

"Ni mimi nilikosea," mume wangu akasema kutoka kwenye kochi. "Nilitoka haraka. Nikasimama peke yangu. Mama yako ndiye aliniokoa."

Binti yetu akatutazama mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akakiegemeza kiti nyuma ya mlango bila kukifungua. "Kitakaa hapa," akasema. "Kosa moja tu jingine, mama. Moja tu." Akisoma haya ndipo atakapojua ukweli, na anisamehe akiweza.

Alipoondoka nilimfuata mume wangu pale kochini, nikapiga magoti, nikamwambia, "Ni mimi niliyekusimamisha."

"Najua."

"Ungekufa, Afande. Ungekufa kwa kinywa changu."

Alichukua muda mrefu, kwa sababu maneno yalikuwa yanamjia kwa zamu. "Ile amri," akasema, "ulipiga vizuri sana. Kuruta yangu hakuna aliyepiga namna ile." Na uso wake mkavu ukajaribu kutabasamu upande mmoja. Nililia mpaka kilemba kikalowa.

Tumeendelea. Kila wiki tunapanda zile ngazi za duka la rangi. Kila alasiri tunavuka kwa doluka, na wenye bodaboda wamezoea. Mmoja wao hutusimamishia magari bila kuombwa. Nisiwadanganye kwamba ngoma imemponya. Daktari alisema tangu mwanzo hauponi. Kuna siku mdundo unamtoa mara moja, kuna siku unachukua muda mrefu, na mimi nayahesabu mabadiliko hayo kama mtu anayetazama maji yakipanda ukutani. Kiti kiko nyuma ya mlango. Nailoni yake imeanza kupata vumbi. Kila nikifagia nakizunguka kama ninavyozunguka nyoka.

Wiki iliyopita, alasiri, adhana imeshatoka, tulifika kwenye mlango wa mbele. Utepe mwekundu uko pale. Nikamshika kiuno, nikaanza, dum, daka-dum. Hakutoka. Nikamyumbisha. Hakutoka. Nikapaza sauti, nikagonga fremu ya mlango, nikapiga mguu sakafuni. Nilimwonyesha utepe, nikamwambia ruka, ruka tu kama mtaro, na sauti yangu nikaisikia inaanza kukimbia. Kona ya jicho langu iliona kile kiti. Huu ndio mwisho, nikasema moyoni, leo ndiyo leo, mdundo umekufa. Nilikuwa nimemkaba kiuno kwa mikono miwili, sijui namwinua au namning'inia.

"Mwalimu," akasema.

"Nini? Nini? Unaumwa?"

Alivuta pumzi. Kisha, kwa ile sauti ya uwanjani, iliyochakaa lakini ni ile ile niliyokuwa naisikia kutoka ng'ambo ya beseni, akasema:

"Mguu pande."

Sikufikiri. Mguu wangu wa kushoto ulitoka wenyewe ukaenda kando. Mabega yakashuka. Pumzi ambayo sijui nimeibana tangu lini ikanitoka yote kwa mara moja, mpaka nikayumba, na mkono wake ukanishika mgongoni. Ng'ambo ya barabara kipaza sauti kilikuwa kinakimu swala. Hatukwenda. Tulisimama pale mlangoni, mimi mguu pande na yeye mguu sawa, mkono wake mgongoni kwangu unatetemeka, mpaka watu wakaanza kutoka msikitini.